Mtoto wa mbwa anayelia akiachwa peke yake: jibu kwa mwalimu wa Lanet

Swali: Daktari, habari ya kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ninaishi katika ploti ya nyumba sita huku Lanet, Nakuru. Wakati wa likizo ndefu ya Novemba na Desemba tulichukua mtoto wa mbwa kutoka Njoro akiwa na majuma 5, tukamwita Simba. Sasa ana miezi 4, amechanjwa na amepewa dawa ya minyoo. Tangu shule zifunguliwe ninamfungia jikoni kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni. Majirani wanasema analia hadi saa nne. Nikirudi ninakuta amekojoa, ametafuna ukingo wa mlango, na chakula hakijaguswa. Mume wangu anasema tumwache alie atachoka mwenyewe, kwa kuwa mbwa wa ulinzi hadekezwi. Msimamizi wa ploti amenipa hadi mwisho wa mwezi ujao. Nifanye nini?

Jibu: Mwalimu, asante kwa barua na kwa subira yako, maana kabla ya kukujibu nilikuomba uiweke simu ya zamani juu ya kabati la jikoni ili irekodi nusu saa ya kwanza baada ya wewe kutoka, na video uliyonitumia nimeitazama mara tatu. Mlango wa chuma unafungwa, kufuli linagonga, na Simba anabaki amesimama pale pale, mguu mmoja wa mbele ameuinua. Halii. Anainusa nafasi iliyo chini ya mlango, anapiga mwayo, anajilamba pua, anakwenda dirishani, anarudi mlangoni. Katika dakika ya tatu anaanza kuhema huku ulimi umetoka, ilhali sote tunajua baridi ya Lanet saa hiyo ya asubuhi. Katika dakika ya tisa anainua kichwa na kutoa ile sauti ndefu ambayo majirani wako wanailalamikia. Bakuli lake liko hatua mbili kutoka hapo, na kwa muda wote huo hakuligeukia hata mara moja.

Mara nyingi mbwa akilia watu hudhani ana kiburi, au ana njaa, au analipiza kisasi kwa kuachwa. Video yako inayakanusha yote matatu. Mbwa ambaye amekosa tu la kufanya hula kwanza, hulala kidogo, kisha huamka na kutafuta kiatu cha kutafuna katikati ya nyumba, na mbwa aliyebanwa na mkojo hukojoa mara moja akatulia. Simba ameanza kuhangaika ndani ya dakika chache baada ya kufuli kugonga, ameshambulia mahali pale pale ulipotokea, na amekataa chakula, jambo ambalo kwa mtoto wa mbwa mwenye afya halitokei bure. Kutafuna peke yake kusingenipa wasiwasi, kwa sababu katika umri wa miezi 4 meno ya utotoni yanang'oka na ufizi unawasha; kilichonizindua ni kwamba ametafuna mlango na kuacha mguu wa meza uliokuwa karibu naye. Kule kupiga mwayo na kujilamba pua, ambako mtu asiyezoea angekuchukulia kuwa usingizi au njaa, ni dalili za mbwa aliyetaharuki. Kwa hiyo tunashughulika na hofu, na hofu haitibiwi jinsi utundu unavyotibiwa.

Inafaa uelewe hofu hiyo ilikotoka, kwa sababu dawa yake inafuata njia ile ile. Mwalimu wa kwanza wa somo la kubaki peke yake ni mama mbwa mwenyewe. Watoto wakifikisha majuma matatu au manne, yeye huanza kuwaacha: hutoka kidogo, hurudi, hutoka tena kwa muda mrefu zaidi, na wao hubaki wamegandamana, kila mmoja akipata joto la mwenzake, hadi wazoee kwamba aliyetoka hurudi. Ndiyo sababu sisi hushauri mtoto wa mbwa asiondolewe kwa mama yake kabla ya majuma 8. Simba aliondolewa akiwa na majuma 5, somo likiwa ndiyo kwanza linaanza, akaingia katika nyumba ambamo kwa likizo nzima hapakukosekana mtu, na halafu asubuhi moja ya Januari akatakiwa afanye mtihani wa saa tisa mfululizo. Siyasemi haya kukulaumu, kwani ulimpenda ukakaa naye, na hilo si kosa. Kipindi ambacho ubongo wa mtoto wa mbwa hupokea mambo mapya kwa wepesi zaidi huanza juma la 3 na kufifia kufikia juma la 14 hivi, kwa hiyo Simba amekivuka, lakini amekivuka juzi tu, na mbwa wa umri wake bado anafundishika vizuri sana.

Kuhusu ushauri wa mumeo, ninamheshimu kwa sababu ni ushauri tuliolelewa nao wengi wetu, lakini ninaupinga bila kusita. Simba anaponyamaza saa nne, kilichotokea ni kwamba mwili umechoka. Hajaelewa lolote kuhusu kurudi kwako, na kesho kufuli likigonga mwili huo huo unakumbuka mateso ya jana na kuanza mapema zaidi. Nilipokuwa nikifanya kazi Kisumu niliitwa katika nyumba moja ya Migosi kumtazama mbwa jike wa miezi 7 ambaye alikuwa amefungiwa ndani ya stoo ya mabati kila siku kwa majuma matatu ili azoee. Kucha mbili za miguu ya mbele zilikuwa zimeng'oka, na upande wa ndani wa mlango, kwa kimo cha pua yake, rangi yote ilikuwa imekwaruzwa hadi bati likang'aa. Wenye nyumba, ambao walikuwa watu wema na walimpenda, waliniambia kwa furaha kwamba juma lile la mwisho alikuwa ametulia. Niliposikiliza, nilitambua kwamba alikuwa amepotewa na sauti. Ilituchukua miezi mitano kumrudisha katika hali ambayo kwa Simba, tukianza sasa, naamini tunaweza kuifikia kwa majuma machache.

Vilevile, tafadhali asiadhibiwe mnaporudi. Najua ataonekana kama mkosaji, ameinamisha kichwa, masikio ameyalaza, anatambaa kuelekea miguuni pako, na mtu huapa kwamba anajua alichokifanya. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alichapisha jaribio lililopanga mambo ili baadhi ya wenye mbwa wawakemee wanyama wao hali hawakuwa wamekosa chochote, na ule uso wa hatia ulionekana zaidi pale mbwa alipokemewa, awe amekosa au hakukosa. Uso ule ni wa kuomba hasira ya mtu ipoe. Ukimchapa saa kumi jioni kwa mkojo wa saa tatu asubuhi, atakachojifunza ni kwamba kurudi kwako nako kunatisha, na hapo utakuwa umemwongezea hofu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Sasa tuingie kazini, na nianze na jambo gumu kuliko yote. Saa tisa haziwezekani kwa mbwa wa miezi 4, hata angekuwa jasiri namna gani. Kanuni tunayoitumia kwa makisio ni kuhesabu umri wake kwa miezi na kuongeza moja, ndipo unapata saa anazoweza kuuzuia mkojo mchana. Kwa Simba ni kama saa 5, na hizo ni za mtoto aliyekwisha kuzoea. Kwa hiyo, katika majuma matatu au manne yajayo, atafutiwe mtu wa kukaa naye kila muda unaozidi ule aliokwisha kuumudu kwa utulivu. Ninajua hili ni zito kwa mshahara wa mwalimu. Nimeona familia zikilimudu kwa kumwomba jirani anayeuza mboga langoni amweke karibu na kibanda chake, kwa kumlipa kidogo kijana wa mtaani aliyemaliza kidato cha nne, au kwa kumpeleka asubuhi kwa dada au shangazi aliye njiani kuelekea kazini. Ukichagua kumpeleka katika boma la mtu mwingine, uliza kwanza kama kuna mtoto wa mbwa aliyekufa huko kwa kuhara damu mwaka uliopita, kwa sababu kirusi cha parvo hudumu katika udongo kwa miezi mingi, na uhakikishe kwamba kadi ya Simba inaonyesha amekamilisha dozi za chanjo hiyo, ambazo hurudiwa hadi afikishe majuma 16, pamoja na ile ya kichaa cha mbwa, ambayo hutolewa kuanzia miezi 3.

Nenda pia kwa msimamizi wa ploti wewe mwenyewe, usimtumie ujumbe wa simu. Mweleze kwamba umepata mpango, mwonyeshe tarehe, mwambie mbwa hatalia tena asubuhi kuanzia siku utakayompata wa kukaa naye. Jirani aliyeelezwa huvumilia mengi.

Mahali pa kumwacha pawe pale ambapo Simba tayari anapenda kulala mkiwa nyumbani. Kwa sasa jikoni ni mahali anapofungiwa tu, na ametia jikoni na hofu katika fungu moja, kwa hiyo ningeanza upya kwenye pembe ya sebule: gunia lililokunjwa, juu yake leso yako kuukuu ambayo hujaifua, na bakuli la maji lisilopinduka. Ampe chakula hapo yeyote aliye nyumbani, apewe hapo kitu cha kutafuna, akunwe hapo tumbo. Baada ya siku tatu au nne utaona anakwenda mwenyewe, na huo ndio wakati wa kuanza.

Anza ukiwa ndani ya nyumba. Simba akiwa amelala penye gunia lake, akiwa ameshatembezwa na kukojoa, inuka bila kumsemesha, ingia chumbani, rudisha mlango, hesabu hadi tatu kimoyomoyo, toka, keti ulipokuwa. Akikufuata, si neno. Rudi ukae, umwache alale tena, kisha jaribu kwa kuhesabu hadi moja. Fanya hivyo mara tano, upumzike, na jioni urudie mara tano nyingine. Kipimo chako kiwe mwili wake. Kichwa kikibaki chini juu ya miguu, muda huo ameumudu. Akiinua kichwa na kutazama kisha akakirudisha chini, bado yuko salama. Akisimama, akapiga mwayo, akaanza kuhema, umepita mpaka hata kama hajatoa sauti, na zamu inayofuata lazima iwe fupi zaidi. Usiongeze muda kila mara kama ngazi inayopanda tu, kwa sababu mbwa huhisi mzigo unavyoongezeka. Changanya: hesabu hadi tano, kisha mbili, kisha kumi, kisha nne, kisha kumi na tano. Kila mara urudi kabla hajaanza kukutafuta. Siri yote ya somo hili iko hapo, na wengi hushindwa kwa sababu ya kukimbilia dakika ilhali mbwa bado yuko kwenye sekunde.

Wakati huo huo, kwa nyakati tofauti na zoezi hilo, uvunje nguvu ya ishara za kuondoka. Katika video hofu ya Simba haikuanzia mlango ulipofungwa, ilianza kabla ya hapo. Ukiirudisha nyuma utaona alisimama ulipochukua mkoba wa vitabu, akatetemeka ulipovaa viatu, na kufuli lilipogonga mlango wa chuma alikuwa amekwisha kujua. Kufuli hilo ndilo kengele yake ya hatari. Kwa hiyo livunje: lichukue kufuli, ligonge mlangoni ukiwa ndani, kisha keti unywe chai. Vaa viatu vya kazini ukapike ugali. Beba mkoba hadi chooni urudi nao. Ukiyafanya haya mara nane au kumi kwa siku, siku zote mbili za wikendi na jioni za katikati ya juma, kufuli litapoteza maana yake, na siku utakapoligonga naye asiinue hata sikio, ndipo uhamishe zoezi la kuhesabu kutoka mlango wa chumbani hadi mlango wa mbele. Hapo rudi tena kwenye sekunde tatu, hata kama chumbani alikwisha kufika dakika kumi, kwa sababu kwake mlango wa mbele ni somo jingine.

Utakosea, na kila mtu hukosea: jirani atakushika mazungumzo uani, dakika mbili zitakuwa sita, na utamsikia akilia. Rudi ndani. Wapo watakaokuambia kwamba ukimrudia akilia umemfundisha kulia, na kwa mbwa anayelilia kipande cha nyama mezani wana haki, lakini mtoto aliyeshikwa na hofu hajifunzi hila katika hali hiyo, anajifunza tu kama msaada upo au haupo. Ingia kwa upole, mwache atulie, usifanye zoezi jingine siku hiyo, na kesho uanzie nusu ya muda alioumudu mara ya mwisho. Mnapokutana usimshangilie kwa kelele, lakini pia sikubaliani na wanaosema mbwa apuuzwe kwa dakika kumi. Mkono mmoja kifuani na neno moja la sauti ya chini vinatosha.

Akishamudu dakika kumi wewe ukiwa nje ya mlango wa mbele, ingiza chakula. Pakiza ugali uliochanganywa na omena iliyosagwa ndani ya kile chombo cha mpira chenye tundu kinachouzwa katika baadhi ya agroveti na supamaketi, au, kama hakipatikani, utawanye omena kavu katika katoni iliyojazwa karatasi zilizokunjwakunjwa, isiyo na pini wala gundi, ili apate kazi ya pua. Mpe sekunde chache kabla ya kutoka. Chakula hiki pia ni kipimo kizuri: ukirudi ukakuta hakukigusa, muda ulimshinda, hata kama majirani hawakusikia chochote. Usimwachie mifupa ya kuku iliyopikwa, kwani huvunjika vipande vyenye ncha, wala mabaki yenye vitunguu.

Kuanzia dakika 40 hivi kazi huwa nyepesi, kwa sababu kwa mbwa wengi hofu hukaa mwanzoni, na aliyeivuka nusu saa ya kwanza kwa utulivu kwa kawaida hulala. Hapo unaweza kuruka hadi saa moja, kisha saa moja na nusu, kisha saa mbili na nusu, ukiendelea kurekodi. Redio inayoachwa kwa sauti ya chini inasaidia kuzifunika kelele za bodaboda langoni, basi. Kuongeza mbwa wa pili mara nyingi hakusaidii, kwa kuwa anachokikosa Simba ni mtu, na ninyi mtakuwa na wawili wa kulisha. Mvua za Aprili zitakapoanza, siku ambazo radi na mvua ya mawe vinapiga mabati, acha zoezi kabisa, ili hofu ya kishindo isiungane na hofu ya upweke.

Nirudi kwa mumeo na suala la ulinzi, kwa sababu ni haki yake kuuliza. Anataka mbwa atakayelala nje na kubweka mgeni akipita ukuta. Mbwa wa namna hiyo anahitaji ujasiri, na mbwa aliyekulia katika hofu hubweka kila kitu, jani likianguka, paka akipita, hadi wenyewe mnaacha kuamka. Njia ya kumfikisha nje ni kulisogeza lile gunia hatua kwa hatua: kwanza sebuleni, kisha karibu na mlango, kisha barazani mlango ukiwa wazi jioni mnapokula, kisha kwenye kibanda chenye sakafu iliyoinuliwa na paa lisilovuja, mahali ambapo bado anasikia sauti zenu. Mnyororo mfupi wa kutwa usitumike kamwe. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inamhusu mbwa wa ploti kama inavyomhusu punda wa mkokoteni.

Dawa sitakupa kwa sasa. Zipo mbili zilizothibitishwa kwa hofu ya aina hii, fluoksetini na klomipramini, ambazo huandikwa na daktari wa mifugo, huchukua majuma kadhaa kabla ya kufanya kazi na hutumika pamoja na mazoezi haya haya, lakini hazikusudiwi kwa mbwa aliye chini ya miezi 6. Usikubali kuuziwa dawa ya kumlewesha ili anyamaze, kwa kuwa nyingine kati ya hizo hulegeza mwili tu huku hofu ikibaki nzima ndani. Vidonge vya binadamu msimpe hata kimoja. Ibuprofeni na paracetamoli zimewaua mbwa wengi waliopewa kwa nia njema. Akijiumiza kucha au meno, akiacha kula hata mkiwa nyumbani, au zikipita siku 30 za mazoezi ya kweli bila kuvuka dakika tano, mlete kliniki nimpime, kwani wakati mwingine maumivu ya tumbo au ya sikio hujificha nyuma ya tabia.

Kesho usimwache. Mtafute wa kukaa naye usiku huu, na kama ni jirani wa mboga, mpigie kabla hajafunga kibanda. Baada ya majuma matatu, iweke simu juu ya kabati, wakati huu ikielekea kwenye gunia, unitumie nusu saa nyingine. Nitatazama hasa dakika ya tatu na dakika ya tisa, na kama omena imeliwa.